Kamba ya Korona: Kamukuywa ilivyopokea kufungwa na kulegezwa kwa masharti

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Korona, kwanza twakumbuka kivuko cha Likoni. Halafu twakumbuka Mji wa Kale uliofungwa ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, na Kilifi, Kwale na Mombasa zilizotengwa na nchi nzima. Kumbukumbu hizo ni zetu na ni haki yetu kuzitunza. Lakini bara nako kuna watu waliopitia yao, na mengi waliyoyasema kuhusu serikali yafanana na tuliyoyasema sisi.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kazi yangu ni mitumba, na kazi hiyo ilinipeleka Kamukuywa miaka kadhaa kabla ya Korona. Nalikuwa huko amri ya kwanza ilipotolewa, na nalikuwa huko kafyu ilipoondolewa. Makala haya nayaandika ili msomaji awe na mahali pamoja pa kuona amri gani zilitoka lini, watu wa soko lile walizipokea vipi, na kwa nini hata kamba ilipolegezwa shangwe haikuwa kubwa. Nionavyo mimi, watu hawakukataa kujikinga. Walilolikataa ni kufungwa kwa kipimo ambacho wakubwa wenyewe hawakupimwa nacho.

Kamukuywa ni wapi

Kamukuywa ni kituo cha biashara katika eneo bunge la Kimilili, kaunti ya Bungoma, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale. Jina hilo ni la mto pia, uteremkao kutoka Mlima Elgon na kuishia katika mto Nzoia. Ukiendelea na safari ya Kitale waingia kaunti ya Trans Nzoia, mji wa kwanza mkubwa ukiwa Kiminini. Wenyeji wengi ni Wabukusu, na upande wa mlimani wako Wasabaoti. Mtu aweza kulala Bungoma, shamba lake likawa Trans Nzoia, na mteja wake akatoka mlimani Kaptama. Soko lategemea barabara: mahindi, vitunguu, nyanya, ndizi, kuku, na nguo zetu za mitumba ambazo marobota yake huingia nchini kupitia bandari ya Mombasa.

Nayaeleza haya kwa sababu amri nyingi za Korona zilizungumza juu ya mipaka, saa na masoko. Mahali kama hapa, mambo hayo matatu ndiyo maisha yenyewe.

Amri zilivyofuatana 2020

Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya, mwanamke wa miaka 27 aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Mikusanyiko ya ibada ilisimamishwa, baa zikafungwa, na matatu zikaambiwa zibebe asilimia 60 ya abiria. Gari la watu 14 likawa labeba wanane, na nauli ya wale sita waliokosekana ikalipwa na waliobaki.

Tarehe 25 Machi Rais alitangaza kafyu ya nchi nzima, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ianze tarehe 27. Siku hiyohiyo alitangaza nafuu za kodi: ushuru wa thamani ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi ya mapato. Kamukuywa nafuu ya pili haikugusa wengi. Muuza nyanya hana karatasi ya mshahara, na asiye na mshahara hana cha kusamehewa.

Mnamo 6 Aprili Rais alizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na kuanzia tarehe 8 Aprili amri hiyo ikashika Mombasa, Kilifi na Kwale. Mandera ilifuata baadaye mwezi huohuo. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zilifungwa kivyake. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini watu hawakuruhusiwa. Kwa hivyo robota la nguo liliweza kusafiri kutoka Mombasa hadi Bungoma, na mimi mwenye robota sikuweza kwenda kumwona mama yangu. Ramadhani ile niliifunga Kamukuywa, na Idi niliisali chumbani.

Mambo manne yaliyowachoma watu

La kwanza ni rungu. Jioni ya 27 Machi, kabla hata saa ya kafyu haijafika, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakingoja feri Likoni warudi makwao. Picha zake zilifika Kamukuywa usiku uleule kwenye simu. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Tarehe 1 Aprili Rais aliomba radhi kwa nguvu iliyopita kiasi. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili, ilisema kafyu yenyewe ni halali lakini nguvu zilizotumiwa na polisi zilivunja katiba. Hata hivyo, mapema Juni mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema imepokea malalamiko 87 tangu kafyu ianze, na ndani yake kulikuwa na vifo 15.

Kwa mtu wa soko, hesabu hiyo ilikuwa nyepesi. Mwezi ule wa kwanza hakumjua mtu hata mmoja aliyekufa kwa Korona, lakini alikuwa ameshaona waliopigwa. Ndipo yakazuka maneno niliyoyasikia mara nyingi, kwamba virusi vyatoka saa moja jioni vikiwa vimevaa sare.

La pili ni tumbo. Soko la Kamukuywa lina kilele chake jioni, watu wakirudi kutoka mashambani na magari yakipita kutoka Kitale. Kafyu ya saa moja ilimaanisha kufunga saa kumi na moja, ili aliye mbali afike nyumbani. Saa hizo mbili ndizo zilizokuwa zikilipa ada, unga na chama cha akina mama. Adhabu ya kuvunja kafyu ilikuwa faini isiyozidi Sh10,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kukosa barakoa hadharani kulifika Sh20,000 au miezi sita. Muuza mboga akipata faida ya Sh300 kwa siku, faini ya barakoa ni jasho la zaidi ya miezi miwili. Wengi walichagua kumalizana na askari pale pale barabarani, na kila aliyelipa hivyo alirudi nyumbani akiamini kwamba amri ile iliwekwa kwa sababu hiyo.

Kwa upande wetu wa mitumba, serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa nguo hizo kuanzia mwisho wa Machi 2020 hadi Agosti. Hofu ya virusi kusafiri ndani ya marobota ilieleweka. Lakini kuanzia wachukuzi wa bandarini hadi fundi wa cherehani Kamukuywa anayepunguza suruali, hakuna aliyewekewa cha kumshikiza. Mpango wa Kazi Mtaani ulikuwepo, ila ulilenga zaidi vijana wa mitaa duni ya mijini.

La tatu ni mila na maziko. Kwa Wabukusu, jando hufanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka 2020 ulikuwa zamu yake, na zamu hiyo ikagongana na marufuku ya mikusanyiko. Mazishi nayo ni jambo la siku kadhaa, la wazee kusema na jamaa kutoka mbali. Kuambiwa zikeni upesi, watu wachache, bila wageni, lilikuwa jambo zito. Sisi Waislamu tuliozoea kuzika siku hiyohiyo hatukutaabika na haraka, tulitaabika na kuosha maiti na jeneza. Kwao haraka yenyewe ndiyo iliyokuwa jeraha. Nilijifunza kwamba amri moja yaweza kuwa nyepesi kwa jamii moja na mzigo kwa jirani yake.

La nne ni wizi. Agosti 2020 vyombo vya habari vilifichua jinsi shirika la serikali la kununua dawa, KEMSA, lilivyotoa zabuni za vifaa vya Korona kwa kampuni zisizo na historia na kwa bei za kupindukia. Fedha zilizohusika zilitajwa kuwa takriban Sh7.8 bilioni. Vijana waliandamana Nairobi na wakarushiwa mabomu ya machozi. Rais aliagiza uchunguzi wa siku 21. Mwisho wa mwaka huohuo wauguzi na matabibu waligoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya afya.

Naamini hili la nne ndilo lililovunja kabisa. Kabla ya Agosti, mtu wa Kamukuywa aliweza kukasirikia askari lakini akaheshimu daktari na hotuba ya waziri. Baada ya KEMSA, hata takwimu za kila jioni zilianza kusikilizwa kwa kicheko. Watu waliuliza kama wagonjwa wahesabiwa au wabuniwa, maana kila mgonjwa sasa alionekana kuwa na bei.

Kamba ilipolegezwa

Tarehe 6 Juni 2020 Rais alisogeza kafyu hadi saa tatu usiku, akafungua Kilifi, Kwale, Mji wa Kale na Eastleigh. Tarehe 6 Julai akafungua Nairobi, Mombasa na Mandera. Mombasa ilikuwa imefungwa siku 90. Ndege za ndani zikaanza 15 Julai na za nje 1 Agosti. Nyumba za ibada zilifunguliwa kwa saa moja, watu wasiozidi 100, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wakaambiwa wakae nyumbani.

Kamukuywa niliona watu wakigawanyika makundi matatu. Wafanyabiashara na wenye matatu walisema kamba imelegezwa kwa kuchelewa. Walimu wa shule za kibinafsi, ambao wengi hawakuwa wamelipwa tangu Machi, walisema imelegezwa mahali pasipofaa, kwani watalii wameruhusiwa kuruka na mtoto haruhusiwi kwenda shule. Kundi la tatu lilikuwa la wazee. Wao waliogopa. Walikuwa wakisikia kwamba ugonjwa waongezeka, na papo hapo wasikia kwamba safari zimefunguliwa. Watoto na wajukuu kutoka Nairobi walianza kufika kwa mabasi, na mzee anayemkumbatia mjukuu hajui amkumbatie au amkimbie.

Swali la wazee lilikuwa la haki. Serikali ilifungua wakati hesabu ya wagonjwa ikipanda, na sababu yake kubwa ilikuwa uchumi. Hakuna ubaya kusema hivyo. Ubaya ni kwamba haikuelezwa kwa lugha ya mtu wa kawaida. Mtu aliyeambiwa Aprili kwamba kutoka nje ni kifo, kisha Julai akaambiwa atoke, ataamini moja kati ya mawili: ama alidanganywa mwanzo, ama adanganywa sasa.

Shule zilirudi nusunusu tarehe 12 Oktoba 2020 kwa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, na zote tarehe 4 Januari 2021. Miezi hiyo tisa watoto walikuwa sokoni. Wengine walirudi darasani. Wengine walikuwa wameshazoea kushika pesa ya bodaboda, na hao hawakurudi.

Juni 2021: zamu ya magharibi

Wengi Pwani hawaikumbuki awamu hii kwa kuwa haikutugusa. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu, uwanja wa Mamboleo, wakati kirusi aina ya Delta kilikuwa kimeshagunduliwa eneo hilo. Barabara zilijaa watu waliotoka kuona msafara wa Rais. Tarehe 17 Juni Waziri Kagwe akatangaza kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na jirani zake kuwa eneo hatari: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet, Busia, Vihiga, Kakamega, Bungoma na Trans Nzoia. Kafyu ilirudishwa saa moja jioni hadi 31 Julai. Ibada za pamoja zilisimamishwa, mazishi yakawekewa saa 72 na watu 50, na masoko yasiyo ya chakula pamoja na ya mifugo yakafungwa kwa siku 30.

Hapo ndipo niliposikia hasira ambayo sikuisikia 2020. Mara ya kwanza amri ilishika nchi nzima, na watu walisema sote tumo. Mara hii ukanda mmoja ulifungwa baada ya serikali yenyewe kukusanya watu humo. Watu wa Kamukuywa walisema wao hawakwenda Kisumu, lakini bili ya karamu imeletwa kwao. Na ugonjwa ulikuwa wa kweli wakati huo. Mwaka wa pili kila mtu alimjua aliyezikwa. Yaani serikali ilikuwa na sababu nzuri zaidi ya kufunga 2021 kuliko 2020, na bado ilisikilizwa kidogo zaidi. Imani ilikuwa imeshatumika yote.

Meza yangu ilikuwa ya nguo, kwa hivyo nilifunga siku 30. Jirani yangu wa vitunguu aliendelea. Alinipa kona ya meza yake niuze barakoa za kitambaa, na kwa hizo nilikula.

Majirani walivyofanya

Wakenya walijipima kwa majirani. Tanzania, chini ya Rais John Magufuli, iliacha kutoa takwimu baada ya 29 Aprili 2020 zikiwa zimefika wagonjwa 509, na ikafungua vyuo 1 Juni. Wako Kamukuywa waliosema huyo ndiye kiongozi. Lakini kutohesabu si kupona. Rais Samia Suluhu Hassan aliposhika usukani Machi 2021 aliunda kamati ya wataalamu, na Julai mwaka huo akachanjwa hadharani. Uganda ilikwenda upande wa pili: shule zake hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Pale Malaba, ambapo madereva wetu kutoka bandarini Mombasa walingoja vipimo kwa siku kadhaa, foleni ya malori ilikuwa ya kilomita na kilomita. Madereva hao walitazamwa na wenyeji kama ndio ugonjwa wenyewe, hali ndio waliokuwa wakileta mafuta na dawa.

Kenya ilikaa katikati. Ukipima kwa idadi, Wizara ya Afya ilirekodi wagonjwa zaidi ya 340,000 na vifo zaidi ya 5,600. Ukipima kwa imani ya raia, hasara haijaandikwa popote.

Mwisho wa kafyu

Matatu ziliruhusiwa kujaza viti tena Agosti 2021. Nauli haikurudi ilipokuwa. Tarehe 20 Oktoba 2021, sherehe za Mashujaa zikifanyika Wang'uru, Kirinyaga, Rais aliondoa kafyu nchi nzima. Ilikuwa imedumu karibu miezi 19. Usiku ule Kamukuywa taa za vibanda ziliwaka hadi saa tano, na hilo ndilo lililokuwa sherehe.

Mwezi mmoja baadaye serikali ilisema asiyechanjwa kufikia 21 Desemba atanyimwa huduma za umma. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Chanjo zilikuwa zimefika nchini tangu 3 Machi 2021, zaidi ya dozi milioni moja za kwanza, na sehemu kubwa ya miezi hiyo tatizo la vijijini lilikuwa uhaba na umbali wa kituo. Kumtisha mtu kwa kitu ambacho hukumfikishia kulirudisha ule ugomvi wa mwanzo. Barakoa za lazima ziliondolewa 11 Machi 2022.

Tuyaweke wapi haya

Ugonjwa mwingine huja. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Mpox nchini, aliyegunduliwa mpakani Taita Taveta, mlangoni mwetu Pwani. Haukuleta kafyu, lakini umetukumbusha kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza ni raia kumwamini anayemwonya.

Kwa niliyoyaona, maswali matatu yafaa kuulizwa kaunti zetu sasa, kabla ya dharura. Soko likifungwa, nani atalipwa, kiasi gani, na kwa orodha ipi? Askari akimpiga raia usiku wa kafyu, malalamiko yapelekwa wapi karibu na nyumbani, si Nairobi? Na masharti yakilegezwa, ni kipimo gani kitaonyesha kwamba wakati umefika, na kitatangazwa kwa nani mapema?

Kamukuywa, Likoni na Mji wa Kale hazikuulizwa 2020. Mabunge ya kaunti yana kamati za afya, na vikao vya bajeti huwa wazi kwa wananchi kila mwaka. Aendaye huko na ayabebe maswali haya.